Vita Viliposimama Kuanua Mahindi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti mjini Kitale, nikingoja kuchapisha barua. Kando yangu binti mmoja na mwenzake kutoka Bungoma walikuwa wakijaribu gemu yao ya vita. Jioni hiyo wangeitoa mtandaoni bure, pamoja na msimbo wake wote, ili yeyote aibadilishe apendavyo. Kwenye skrini wakulima walivuna mahindi, wakatia ghalani, askari wakala.

Mama aliyekuwa akingoja fotokopi akainama kutazama.

"Ati mahindi mabichi stoo? Si yataoza, bana!"

"Mama, hii ni gemu tu," binti akajibu.

"Na hao askari watakula uvundo?"

Binti akacheka, akaandika amri mpya papo hapo: mahindi yaanikwe kwanza kwenye maturubai, na mvua ikinyesha watu wakimbie kuyaanua. Wakaanza upya. Mwenzake wa Bungoma akaleta jeshi zima hadi langoni. Mvua ikanyesha. Askari wa binti wakatupa mikuki, wakakimbilia maturubai. Askari wa Bungoma nao wakatupa yao, wakaanza kuanua mahindi ya adui!

"Nimekosea!" Binti akashika kichwa. "Nimeamuru kila mtu, na tunaitoa leo!"

"Ukigusa hapo tutakosana," mama akasema, akipiga makofi. "Nani huku anaweza kupita mahindi yakinyeshewa?"

Saiba nzima ikashangilia. Binti akamtazama mwenzake, kisha akaituma mtandaoni hivyo hivyo.

Nimeicheza wiki nzima. Ina kasoro moja tu: wakati wa mvua, hakuna anayeshinda.