Sahani ya Udongo Mweupe

Mwezi uliopita nilisimama kwenye duka la picha mjini Kitale mpaka muuzaji akaniletea kiti. Alikuwa na twiga wawili chini ya jua jekundu, maporomoko ya maji ya nchi nisiyoijua, maua ya chuma na vibao vyenye maneno ya Kizungu. "Madam, hii ya twiga inaenda sana, bana," akaniambia. "Ni ya sitting room ama ya nje?" Nikamwambia ni ya veranda. Akauliza ukuta una rangi gani. Rafiki yangu, nilikaribia kulia kwa swali la rangi ya ukuta.

Kwenye veranda hiyo anakaa Kukhu, nyanya aliyenilea, tangu mvua ziiangushe nyumba yake kule Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Akili yake inamtoka polepole. Hospitalini walisema ni uzee, tumzungushie vitu alivyovizoea. Kila asubuhi anafunga kitambaa kichwani, anapakata mfuko wake na kungoja apelekwe nyumbani. Mimi ananiita mama, kama unavyomwita mwanamke usiyemjua. "Mama, asante kwa chai. Wenye nyumba wakirudi, uniagie." Chakula anaonja tu. Ni yeye aliyenifundisha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sasa anaona haya kula cha watu siku zote hizi. Anakonda nikimwona. Nikajiambia, nikipata kitu cha kuweka pale ukutani, kitu ambacho jicho lake litakijua, huenda akaweka mfuko chini na kula.

Wewe uliyekulia kwetu unaijua Disemba. Shule zimefungwa, mahindi yametoka shambani, na akina mama wanashindana kusiriba nyumba kabla wageni wa Krismasi hawajafika. Veranda ya Kukhu ilikuwa fupi, imeezekwa kwa mabati yaliyobaki, na ukuta wake ndio uliokuwa picha yetu. Hatukuwa na nyingine, ukiondoa kalenda kuukuu ambazo hakuna aliyezitoa kwa sababu zilikuwa na ng'ombe wazuri. Udongo mwekundu tuliuchota kwenye kichuguu, tukaukanyaga pamoja na mavi ya ng'ombe mpaka ukalainika kati ya vidole vya miguu. Mweupe tuliuchimba kando ya mto. Ule mweusi wa kupaka chini ulitoka kwenye betri za redio zilizokufa, tulizozipasua kwa jiwe. Jikoni maharagwe yalitokota, na moshi ukachanganyika na harufu ya udongo mbichi. Mpaka leo hiyo ndiyo harufu ya Krismasi kwangu, si keki.

Kazi yangu ilikuwa kushika sahani ya udongo mweupe. Kukhu alichovya vidole vinne, akavipitisha ukutani bila kupumzika, maana mstari ukikatika hauungiki. Nilipoinua shingo kumtazama, sahani iliinama. "Wacha mkono wangu," alikuwa akisema. "Angalia sahani. Ukuta utauona ukikauka." Nami nikaangalia sahani. Nilipoinua macho kazi ilikuwa imekwisha, na wapita njia wamesimama. Mwalimu wetu aliwahi kushuka kwenye baiskeli akatazama sana, kisha akasema nyumba hii ina mwenyewe. Kukhu alijidai hakusikia, lakini jioni hiyo alinikaangia mayai.

Basi, wale twiga niliwanunua. Kukhu akawapa kisogo. Mume wangu akashauri tukuze picha ya zamani ya Kukhu, ile aliyopigwa kwenye harusi yetu, tuitie fremu kubwa. Nikaona ni wazo jema, nikaongeza na maua pembeni. Sisi wawili tumehudhuria mazishi karibu kila Jumamosi ya maisha yetu, na bado hatukuona tulichokifanya. Kukhu aliitazama muda mrefu. Kwetu picha ya namna hiyo, mtu mmoja, fremu na maua, hutangulizwa mbele ya jeneza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nilikufa lini?" Niliishusha upesi. Siku hiyo hata chai hakuigusa.

Ndipo nikaenda Mabanga. Pa nyumba pamebaki kifusi, na jirani ameshapanda kunde ukingoni. Nikamwomba jembe. "Si hata Kitale kuna udongo?" akaniuliza. Nikamwambia nataka huu. Hakucheka, alinishikia gunia. Kila bonge nililogeuza lilikuwa limeoshwa na mvua, sikuona hata mstari mmoja wa mkono wake. Udongo mweupe nilishuka mtoni kuuchimba mwenyewe.

Ukuta wetu una rangi ya mafuta, udongo ukateleza wote sakafuni. Mume wangu akakwangua rangi, nikasiriba tena, ukashika. Nikachovya vidole vinne kwenye ule mweupe, nikainua mkono, nikakwama kama mtoto aliyesahau shairi mbele ya wazazi. Sahani naikumbuka, ukingo wake wa buluu na pale ilipobanduka. Mkono ulikopita sikujui, kwa sababu nilikuwa mtoto mtiifu. Nilichora hivyo hivyo, vibaya, machozi yakinitoka.

Nyuma yangu nikasikia mfuko ukiwekwa chini. Kukhu alikuja akagusa ukuta, akanusa vidole. "Huu udongo ni wa kwangu," akasema. Akaunyosha mkono pembeni bila kutazama, kama zamani, akitafuta mahali pa kuchovya. Nikainyakua sahani nikamshikia. Aliitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Wacha, mama, wewe ni mtu mzima. Kuna kasichana kangu ka kunishikia. Kaite."

"Kukhu, ni mimi."

"Kameenda mtoni na ndoo. Bila hako siwezi kuanza." Akarudi kitini, akageukia geti.

Tangu hapo haombi kupelekwa nyumbani. Amekubali kwamba hapa ni kwake, na nilidhani hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Ukuta ule umeanguka, akina mama waliosiriba pamoja naye wamekufa, na nyumba mpya za kwetu zote ni za matofali. Hayo niliyategemea. Sikutegemea kwamba na mimi nimo miongoni mwa vilivyopotea. Udongo wa Mabanga naweza kuufuata tena hata kesho, lakini yule mtoto sijui nimchote wapi.

Na chakula bado hali. Anakifunika na kukiweka kando, anasema kasichana kake katarudi na njaa. Jioni nikija kuchukua sahani naikuta imejaa, ugali umekauka, naye ananiuliza kama njiani sikupishana nako.