Siku niliita ngombe pa micro

Siku ngombe ilinijibu pa spectacle, lile onyesho langu ya vichekesho, watu mia tatu walicheka mpaka machozi. Watatu tu hawakucheka: miye, mama yangu, na Papa Gustave mwenye alininunulia micro ya kukuza sauti.

Naitwa Umulisa. Niko comédienne, kazi yangu ni kuchekesha watu. Nilizaliwa Masisi, mu famille ya ngombe na maziwa.

Kwetu kila muchungaji iko na sauti yake ya kuita. Ngombe inajua ya mwenyewe. Ukiita weye mugeni, haigeuzi hata kichwa.

Nilikuwa na miaka kumi wakati watu wa silaha walianza kupita. Papa akaficha ngombe zetu mu pori, upande wa Kalembe.

– Umulisa, usiigize sauti yangu inje. Umesikia?

– Nimesikia, papa.

Nilisikia, lakini nilipenda kuchekesha. Watoto wakanichochea pa kisima: "Fanya sauti ya papa yako!" Nikafanya. Wakaanguka chini na kicheko.

Ngombe tisa zikasikia, zikatoka mu pori, zikaingia mu barabara. Na mu barabara njo kulikuwa wale watu.

Wakazichukua, papa akawafuata. Hajarudia mpaka leo.

Mama hakunipiga. Alisema tu: "Ile sauti, usiifanye tena."

Miaka kumi sikuifanya. Niliigiza directeur wa shule, pasta wa kanisa, chauffeur mwenye anaendesha camion. Papa Gustave, tajiri wa ngombe kule Ngungu, akanipenda. "Miye njo papa yako sasa," alisema. Akanitengenezea spectacle yangu ya kwanza kubwa, pembeni ya ferme yake, kule anafugia ngombe.

Watu walifurahi, wakaomba ingine. Blague za kuchekesha zilikuwa zimeniishia. Sijui nini ilinishika, nikaita kama papa.

Nyuma ya lupango, ule uzio wa miti, ngombe ikalia.

Ikasukuma miti, ikakuja mpaka mbele yangu, ikanilamba mukono. Sikio ya kushoto imepasuka, vile imbwa ilimuuma akingali ndama. Ilikuwa Gaju, moja ya zile ngombe zetu tisa, na imetoka mu ferme ya Papa Gustave.

Watu wakafikiri ni sehemu ya mchezo.

Papa Gustave akasimama, akafika karibu, akafunika micro na kiganja.

– Endelea, mutoto yangu. Uchekeshe watu.

Nikawachekesha nusu saa. Watu wakiwa bado wanapiga makofi, miye na mama tulikuwa juu ya pikipiki. Hatukurudi nyumbani hata kuchukua nguo.

Leo niko mbali, sisemi wapi. Weye mwenye unasoma, mutu akikupenda sana, shukuru, lakini uliza ile mali yake ilitoka wapi.

Mara mbili niliita. Ya kwanza ilimupoteza papa. Ya pili ilinionyesha nani alimupoteza.