Vitunguu vya Nzula na Kizungu Changu

Lori lililonipa lifti kutoka Namanga lilipasuka gurudumu tukiingia Kitengela, mji ambao sikuwahi kuukanyaga. Nikajibanza kwenye kivuli cha kibanda cha vitunguu, na kwa kuwa siwezi kukaa dakika tano bila kujisifu, nikamwambia mwenye kibanda, Nzula, kwamba nazungumza lugha saba.

"Saba?" Nzula akasema. "Basi niko na kazi yako, mwalimu."

Akanipa karatasi ya ripoti aliyoiandika, niisahihishe. Saa tano alitakiwa Kajiado kwa usaili: shamba moja la Kimana lilitafuta msimamizi wa vitunguu anayeweza kuandika ripoti kwa Kiingereza. Alikuwa amefanya kazi huko miaka kumi na miwili. Wanaume watatu aliowafundisha kazi walipandishwa cheo wakamwacha, kwa sababu wao waliweza kuandika.

Mstari wake wa kwanza ulisema: We pulls the onions after the leaves falls, yaani tunang'oa vitunguu baada ya majani kuanguka.

Nikatoa kalamu kama daktari wa upasuaji. Nikazikata zile s mbili huku nikimhubiria: "we" ni wengi, "leaves" ni mengi, kitenzi hapo hakibebi s. Aliitikia kwa kichwa. Ningeishia hapo. Lakini ni mkulima gani anayengoja majani yaanguke ndipo avune? Nikafuta after, nikaandika before.

Nzula alisoma mara mbili, kisha akamwita muuza nyanya wa kibanda cha pili. "Mama Kasyoki, kuja uone! Huyu anang'oa kitunguu kabla majani hayajalala!"

"Ai! Hiyo ni ya kuozea kwa gunia!" Mama Kasyoki alicheka mpaka akashikilia meza.

Nzula akachukua kitunguu, akakiweka kidole changu kwenye shingo ya kitunguu, pale majani yanapotokea. Ilikuwa kavu kama kamba.

"Majani ikilala, shingo inajifunga. Ukiharakisha, inabaki mbichi, na kuoza kunaanzia hapo. Mwalimu, Kizungu chako kimenyooka, lakini vitunguu vyako vimeoza. Ningepeleka hii, mwenye shamba angeniuliza hiyo miaka yote nilikuwa nalima nini."

Akaiandika after yake upya, akiikandamiza kalamu. Zile s akaziacha zimekatwa.

Gari la Kajiado likapiga honi. Fundi bado alikuwa chini ya lori letu.

"Nichungie hapa. Bei imeandikwa kwa kadi. Lakini mtu akiuliza kama zitakaa bila kuoza, wewe nyamaza, kwa lugha zote saba."

Akapanda, karatasi kifuani.

Mteja wa kwanza aliuliza kama zitakaa. Nikamwonyesha Mama Kasyoki kwa kidole.