Udhuru wa Shangazi Nonie

Kila asubuhi, akishamfikisha Roseanna shuleni, shangazi yangu Nonie alivuka barabara, akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa ukuta mfupi wa kanisa, akakaa. Alikuja na chupa ya chai na kikombe chake mwenyewe. Alikaa hapo mpaka saa tano, mvua inyeshe isinyeshe, maana saa tano Roseanna alitolewa darasani na kurudishwa kwake. Wenzake walibaki mpaka mchana. Kambi yetu ya trela iko nyuma ya jalala la halmashauri, mbali kwa miguu, na kurudi nyumbani ili uje tena ni kazi bure. Wanawake wa majumbani, ndivyo tunavyowaita wasioishi kwenye trela, walipita na magari yao, wakamzoea kama mtu anavyozoea nguzo ya taa.

Walianza kumtoa mapema majira ya baridi. Mtoto mmoja alimwambia Roseanna kwamba mama yake ananuka moshi, Roseanna akamuuma mkono. Ana miaka saba. Mwalimu mkuu, Bi Prendergast, alisema ni kwa muda tu, mpaka atulie. Roseanna alitulia siku ile ile. Ikaja Krismasi, ikaja Pasaka, na bado saa tano mlango unafunguliwa, anasukumwa nje koti halijafungwa vifungo.

Watu wakisikia habari hii hudhani shangazi ni mnyonge. Si mnyonge. Ni mnene, ana sauti ya kuita farasi, na ana mabeseni yake, la vyombo, la nguo, la kunawia uso, na ukithubutu kuyachanganya anakupiga nalo hilo hilo. Kusoma hakujua. Mimi nilikaa shule mpaka nikafika miaka kumi na miwili, nyuma ya darasa, napaka rangi picha za wanyama wakati wengine wanafanya hesabu. Shangazi aliona zile picha zangu, akaapa mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyo dirishani mwa trela yake kwamba wa kwake hatakuwa mpaka rangi.

Mwezi wa nne Bi Prendergast alivuka barabara mwenyewe akaja pale ukutani. Nilikuwepo. Mimi watu hawanioni sana, hata nikiwa nimekaa mbele yao.

"Nonie, Septemba haiko mbali. Ama Roseanna aanze kukaa siku nzima kama wenzake, ama aende darasa maalumu kule mji wa pili. Basi litamchukua."

"Darasa maalumu la nini, Mwalimu? Mtoto wangu ana akili."

"Sijasema hana. Ninachosema, shule hailei mtoto peke yake. Nataka nione nyumbani kuna nia. Wazazi wenzako wako kwenye kamati, wanajitolea, wanasikika. Wewe kila siku uko hapa nje unakunywa chai. Njoo kwenye kamati. Ukijitokeza, sitakuwa na sababu ya kumpeleka popote."

"Nitakuja. Lini?"

"Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa mbili usiku. Juu kwa Tarpey, kama miaka yote."

Shangazi alikaza kifuniko cha chupa yake, ingawa kilikuwa kimekazwa. "Kwa Tarpey."

"Kuna tatizo?"

"Hakuna, Mwalimu."

Tarpey ana baa, na juu ya baa ana ukumbi. Sisi Wasafiri, watu wa trela, hatuingii kwa Tarpey. Siku babu yetu alipozikwa baa zote za mji zilifunga milango ili tusiingie, na yeye ndiye aliyefunga wa kwanza. Kila mtu kambini analijua hili, na kila mtu wa majumbani analijua pia, ila wao hawalitamki. Tukiwa njiani nilimuuliza shangazi mbona hakusema.

"Niseme ili iweje? Ukimwambia mtu wa majumbani kwamba umefukuzwa mlangoni, anakufukuza mara ya pili kwa macho. Nyamaza, Lena. Mkutano wa shule si pombe. Mkutano wa shule watanifungulia."

Kambini hawakumwacha. Mumewe, Dinny, alikuwa akifungua injini ya gari kuukuu na ndugu zake, akasimama na spana mkononi kama askari wa gwaride.

"Simameni, jamani! Waziri wa Elimu anapita!"

"Mheshimiwa, na sisi tutapata barabara ya lami?" ndugu yake mmoja akadakia.

"Cheka," shangazi alimwambia Dinny. "Mwanao akikusomea barua ya halmashauri utacheka kwa upande gani?"

"Nitaichoma kama nilivyochoma zilizotangulia. Mimi sijasoma, na nimekufa?"

"Unanuka kama umekufa."

Hapo walicheka wote, hata Dinny.

Jumanne ile alivaa koti lake la harusi za watu, la bluu, na herini za dhahabu za mama yake. Alinichukua mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu siongei. Ilikuwa mwezi wa tano, majira ambayo kwetu jua huchelewa kuzama, na lilikuwa bado juu ya mapaa. Tarpey mwenyewe alikuwa mlangoni, kitambaa cha kufutia glasi begani. Alituona tangu tukiwa kwenye duka la dawa, akapanua miguu.

"Samahani, mama. Leo ni wateja wa kila siku tu."

"Sikuja kunywa, Bwana Tarpey. Nimekuja kwenye mkutano wa wazazi."

"Mkutano upi? Mimi sina mkutano."

Juu ya vichwa vyetu viti vilikuwa vikiburutwa, na watu wanacheka.

"Na hao wanaoburuta viti ni panya?"

"Mama, nisikilize. Nimekuambia vizuri. Usinifanye nikuambie vibaya."

Ndipo akafika Fidelma Keaveney, mwenyekiti wa kamati, mtoto wake anasoma darasa moja na Roseanna. Tarpey akajibana pembeni ampishe.

"Wapo juu, Fidelma. Chai nimeshapeleka."

"Fidelma," shangazi akasema, "mwambie mimi ni mzazi."

Fidelma alisimama ndani ya mlango. Alimtazama shangazi kuanzia herini mpaka viatu, kisha akatabasamu kwa huruma, ile huruma ambayo mtu humpa paka wa jirani.

"Nonie, mpenzi, biashara ya mtu siwezi kuiingilia. Lakini usihangaike. Nitawafikishia udhuru wako."

"Asante, Fidelma," shangazi akasema. "Mungu akubariki."

Mlango ukafungwa. Njia nzima shangazi alimsifu Fidelma. Alidhani udhuru ni kwamba atawaeleza wenzake juu: Nonie yupo chini, amezuiwa. Kwetu mtu akisema atakupelekea neno, anapeleka neno lako. Hakujua kwamba kwenye kamati zao udhuru maana yake umeamua mwenyewe kutokuja. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa lao miaka mingi, nimesikia wanavyosema. Lakini alikuwa na furaha, na mimi nikaona labda nimekosea.

Mwezi wa sita akarudi. Tarpey aliweka mkono mmoja tu kwenye mwimo wa mlango. Shangazi hakubishana. Alivuka barabara, akasimama mbele ya duka la nyama, chini ya dirisha la ukumbi, ambalo lilikuwa wazi kwa joto. Tuliwasikia wakizungumzia siku ya michezo na nani ataleta keki.

"Nipo hapa!" shangazi akaita. "Mimi ni Nonie, mama wa Roseanna! Nipo!"

Kicheko juu kikakatika. Watu barabarani wakageuka. Mwenye duka la nyama akatoka na kisu chake, akarudi ndani.

"Keki nitaoka mimi! Na meza nitapanga! Mnanisikia?"

Bi Prendergast alikuja dirishani. Alitutazama kwa muda, akamtazama shangazi usoni kabisa, kisha akashusha dirisha na kulifunga.

"Umeona?" shangazi akanishika mkono mpaka ukauma. "Ameniona. Macho kwa macho! Sasa nani atasema sikujitokeza?"

Akaninunulia chipsi na samaki, akambebea na Roseanna, na nyumbani aliimba akiosha vyombo. Dinny alikohoa tu. Nadhani yeye alishaelewa.

Wiki ya mwisho kabla ya likizo akaitwa ofisini. Nilienda naye. Fidelma naye alikuwepo, amekaa upande wa mwalimu, kwa niaba ya wazazi. Roseanna alikuwa darasani, ng'ambo ya korido.

"Nonie, uamuzi umeshapita," alisema Bi Prendergast. "Septemba ni darasa maalumu."

Shangazi hakuelewa mara moja. "Lakini nilikuja kamati."

"Kila mkutano tumeletewa udhuru wako."

"Nilikuja! Uliniona. Ulifunga dirisha!"

"Nilifunga dirisha kwa sababu palikuwa na kelele mtaani."

"Kelele zilikuwa mimi. Tarpey hatufungulii mlango, Mwalimu. Mji mzima unajua hatufungulii."

Fidelma akavuta sketi yake magotini.

"Hayo ni kati yako na Bwana Tarpey," mwalimu akasema taratibu, kama anamsomea mtoto. "Ungeniambia siku ile ukutani, ningefikiria. Nilikuuliza kama kuna tatizo. Ulisema hakuna. Wazazi wengine wote wameweza kufika."

"Fidelma," shangazi akamgeukia. "Ulinikuta mlangoni."

"Nilikusaidia, Nonie," Fidelma akasema. "Ningeweza kunyamaza wakuhesabu umepuuza. Nikawaambia umeomba radhi."

Shangazi akainuka, akavuka korido, akafungua mlango wa darasa bila kubisha hodi.

Walikuwa wanacheza mchezo wa duka. Roseanna alikuwa nyuma ya meza, amevaa aproni kubwa, mizani ya plastiki mbele yake, na watoto wamepanga foleni kwake. Kwake. Hata yule mtoto aliyeumwa mkono.

"Twende," shangazi akasema.

"Mama, ni zamu yangu. Mimi ndiye muuzaji."

"Twende, nimesema."

"Sitaki! Wanataka viazi!"

Shangazi akamvua aproni kwa kuikata kamba, akamnyakua kiunoni. Roseanna alipiga mateke, akashika ukingo wa meza, mizani ikaanguka. "Nataka kubaki! Niache nibaki!" Alilia vile mpaka sauti ikakwaruza, na watoto kwenye foleni wakaziba masikio. Mwalimu wa darasa akanong'ona kwa msaidizi wake, nami nilikuwa karibu nikasikia: "Unaona sasa? Hata wenyewe hawataki wasome."

Shangazi alisikia pia. Niliona shingo yake ikikakamaa. Hakugeuka. Alipita mbele ya ofisi, Bi Prendergast amesimama mlangoni na Fidelma nyuma yake, akapita uwanjani na mtoto akimpiga ngumi mgongoni, akasukuma geti kwa mguu, akatoka. Shule ile hakuikanyaga tena, wala Roseanna.