Siku Tuliyowanyima Vijana Maziwa

Mume wangu alikuwa laigwanani, yaani msemaji wa rika la vijana wenye mikuki upande wetu wa Mlima Meru. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mto, kwa Wameru, kwenye kahawa na migomba. Kwa hiyo mfereji wa maji ulipozibwa na Wameru kiangazi kile, na kijana wetu akakatwa panga begani akijaribu kuuzibua, vita ilikuwa kati ya mume wangu na kaka zangu.

Vijana walitaka kuvuka mto wakafyeke migomba. Mume wangu alijua serikali ya Waingereza ingeleta askari na kuswaga ng'ombe wa pande zote mbili. Alijua pia kwamba akichelewa ataitwa mwoga. Tayari walikuwa wakimtania: "Laigwanani alioa Umeruni, siku hizi Umeruni ndiko kulikomwoa yeye." Alicheka nao, lakini jioni ile hakugusa chakula.

Hapa nieleze desturi. Vijana hawaendi vitani mpaka mama zao wawanyunyizie maziwa ya kibuyu kwa majani mabichi. Bila baraka hiyo, hata shujaa husita. Sisi wanawake, ambao wengi tulikuwa na ndugu ng'ambo, tulikubaliana mtoni. Asubuhi, vijana walipojipanga, tulitoka na vibuyu tukavipindua. Vilikuwa vikavu, tuliwaachia ndama wanyonye yote.

Vijana wakamgeukia mama wa yule majeruhi, wakidhani yeye angewabariki.

"Wanangu," akasema, "maziwa yangu nampelekea mwenzenu hospitalini. Mkirudi mmekatwa, nitawagawia na ninyi."

Sasa wote wakamtazama mume wangu. Angeweza kuwaamuru waende hivyo hivyo. Badala yake akaniuliza mbele yao, "Mama watoto, kwenu mtu akitaka kusikilizwa huenda na nini?"

"Jani la isale lililofungwa fundo. Mwenye kupelekewa hawezi kumfukuza aliyelileta."

Vijana wakanung'unika kwamba waliokatwa ni wao, iweje waende kuomba radhi. Akawajibu kwamba anakwenda kuomba maji, na radhi zitazungumzwa watu wakishakunywa. Akamkabidhi mkuki wake kijana aliyekuwa akimtania kuliko wote, nikamkatia isale, akashuka mtoni peke yake.

Jua lilipoanza kupoa maji yalifika, yakisukuma vumbi na majani makavu. Nyuma yake walikuja mume wangu na kaka yangu mkubwa, wakibishania nani apewe zamu ya maji ya Jumapili, wakati kila mtu yuko kanisani.