Mwana wa Mfalme Kizuizini

Jirani yangu, Mhindi mwenye duka la vipuri mjini Kasese, alinipa lifti kwenda Bwera. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alichukua kitambulisho chake, akakisoma polepole.

“Rajput. Hii jina maana yake ni nini?”

“Mwana wa mfalme, afande.”

Ndugu msomaji, huku kwetu damu imemwagika kwa mambo ya ufalme, na neno hilo hatulitamki mbele ya bunduki. Askari alimwita mwenzake.

“Mfalme gani?”

Jirani yangu aliushika usukani kwa mikono miwili. “Ya India, afande, ya zamani sana. Baadaye hata askari wa farasi waliitwa hivyo.”

“Askari?”

“Ndiyo, afande. Askari tu.”

Kitambulisho kilirudishwa. “Ungesema hiyo kwanza. Enda.”

Tulipokuwa mbali nilimuuliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo asili ya kweli.

“Wataalamu wanabishana mpaka leo,” alisema. “Marehemu baba alipenda ile ya mfalme.”

“Na wewe?”

“Mimi napenda ile inayonifikisha Bwera.”