Ukuta Aliobandika Mama

Baba mdogo alipotangaza kwamba mwamba wa dhahabu unapita chini ya nyumba yetu, hakuna aliyeshangaa pale Nyangoto. Miaka ile karibu kila ua ulikuwa na duara lake, shimo la kushukia kwa kamba, na nyumba iliyobaki na watoto peke yao haina msemaji. Mkubwa wao nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wale, nikawa kibarua wa mpiga picha aliyewapiga picha wachimbaji mbele ya pazia lililochorwa maua.

Ardhi ilikuwa ya ukoo, sikuweza kumzuia. Nilimwomba angoje mpaka Jumapili ipite, kwa sababu ya ukuta.

Mama aliubandika karatasi kwa uji wa muhogo enzi za uhai wake: pakiti za majani ya chai, karatasi za sabuni, kalenda ya kanisa, magazeti ya Kenya yaliyofungiwa maandazi kutoka Sirari. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Mdogo wetu wa mwisho, aliyeachwa akinyonya, alimjua mama kwa ukuta ule tu.

Nilijaribu kuzibandua. Nililowesha kona kwa maji ya vuguvugu. Karatasi ikaja na udongo wake, ikamegeka mkononi. Ndipo nikaazima kamera ya bosi.

Ndani palikuwa na giza. Yule mdogo wetu wa mwisho alisimama uani na kioo cha studio, kile ambacho wachimbaji walijitazama wakichana nywele, akalirusha jua mlangoni hadi ukutani. Mwanga ulipopita ubavuni, kila mkunjo ulisimama. Nilisogea karibu sana: ukingo wa pakiti ya chai, uso uliofifia wa mwanamke wa sabuni, alama ya kidole gumba katika uji mkavu.

Baba mdogo alichungulia. "Mura, kijana wangu, unapiga takataka kwa filamu ya watu?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Wenzako wanapiga harusi."

Jumatatu waliubomoa. Duara lilishuka mpaka likakutana na maji, likaachwa.

Picha ziliporudi kutoka kusafishwa Musoma, bosi alizitazama moja moja, kisha akaitundika ile ya chai dirishani, katikati ya maharusi. Wateja waliuliza kama sasa anauza majani.

Wakati huo tulikuwa tumehamia chumba kimoja Kerende. Mdogo wetu wa mwisho alizipitia nyingine zote, akarudi kwenye ile ya kidole.

"Hiki ndicho chake?"

"Ndicho."

Akaweka kidole gumba chake juu yake. Halafu akawasha moto, akakoroga uji wa muhogo, akaupaka mgongoni mwa picha, akaielekeza ukutani. Nilijua haitabanduka tena, na chumba kilikuwa cha kupanga. Nikamshikia kona.